Kopo la Balozi

Asubuhi ile Kitundu Msengi aliamka kabla ya mkewe, akachukua kopo la kijani kutoka nyuma ya pipa la maji, akaingia chooni na kukomea mlango. Alijisaidia ndani ya kopo. Kisha akabonyeza jina la mama mkwe wake pale ukutani, akamimina.

Sahani ya choo ikasoma. Taa ndogo ikawaka kijani, na sauti ya kike ikasema taratibu: Raeli Kitiku, miaka sitini na minane. Mililita mia tatu na kumi. Chumvi sawa. Protini hakuna. Damu hakuna. Afya njema, bibi.

Kitundu alilisuuza kopo, akalirudisha mahali pake. Ilikuwa siku ya kumi na moja.

Usimcheke kwanza, sikia ilivyokuwa. Tangu ule mwaka ambao watu wa kanda ya kati walikufa maelfu kwa ugonjwa wa figo, kwa sababu ya joto na vidonge vya kujinunulia, kila choo kiliwekewa sahani ya kusoma mkojo. Ukikanyaga pale pa mguu, inakujua kwa unyayo wako. Habari zako haziendi kwa daktari, zingemlemea. Zinakwenda kwa balozi wa afya wa nyumba kumi, jirani yako mwenye bangili mkononi. Bangili ikionyesha njano, anakuja kukugongea mlango. Ikionyesha nyekundu, anakubeba.

Kitundu alikuwa balozi kwa mwaka wa sita, na nyumba zake kumi zilikuwa kijani tupu. Cheti chake kilitundikwa sebuleni, juu kuliko picha ya harusi. Haya hakuwa nayo katika kazi hiyo; angeweza kumsimamisha mzee wa watu mbele ya duka la unga na kumuuliza amekojoa mara ngapi tangu jana. Watu walinung'unika, lakini walikuwa hai.

Ila huyu alikuwa mama mkwe. Kwa watu wao, mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha majanini mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na saba ya ndoa, Kitundu hakuwahi kumtazama usoni wala kumwambia neno ambalo halikupitia kwa mtu mwingine. Sasa mama huyo amekuja mjini kutibiwa magoti, amefikia kwake, halafu bangili imwamshe Kitundu alfajiri na kumwambia mkojo wake una rangi gani? Hata. Siku ya kwanza tu, kabla mgeni hajamaliza kunywa chai, Kitundu alizima sehemu ya mguu isiutambue unyayo wa mama huyo.

Njia ya halali ilikuwepo. Angeweza kumhamishia bibi kwa balozi wa nyumba kumi za jirani, mwanamke mwenzake, kwa karatasi moja tu. Lakini balozi huyo alikuwa na mdomo, na angetangaza mtaa mzima kwamba Kitundu bingwa ameshindwa na mtu wa nyumbani mwake mwenyewe. Tena jina likikaa siku tatu bila kusomwa, mkaguzi wa kata hufika mwenyewe kumhoji mgonjwa. Ndipo Kitundu akakumbuka kuwa wazee wasioweza kuchuchumaa wanaruhusiwa kumiminiwa kwa chombo. Akamwandikisha bibi kuwa anamiminiwa, akatafuta kopo. Alijiambia kuwa anafanya hivyo kwa ajili ya heshima, na kwa siku kumi na moja aliamini.

Jioni ya siku hiyo mkewe, Eliwaza, alimwambia kuwa hali ya mama haimpendezi. Juzi na jana alikuwa anaharisha, leo kila anachokula anakitapika, na kope zimevimba kama mtu aliyelia. Eliwaza alikuwa akimbembeleza anywe uji angalau vikombe viwili. Kitundu aliuliza kama vidonge vya magoti anaendelea navyo. Eliwaza akasema ndiyo, kutwa mara mbili, kama alivyoagiza.

Vidonge hivyo alivitoa yeye. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kutoka sanduku la balozi. Na katika mafunzo walikaririshwa maswali matatu ya kumuuliza mzee yeyote anayemeza dawa ya presha, kama bibi, kabla hujampa diklofenaki: unakunywa maji kiasi gani, unakojoaje, unaharisha? Kitundu aliyajua maswali hayo kama Baba Yetu. Safari hii hakuyauliza, maana lile la pili, hata angelipitisha kwa mkewe, lingekuwa limetoka kinywani mwake likamfikia mama mkwe.

"Itakuwa joto," alimwambia mkewe. "Angekuwa na tatizo, choo kingesema."

*

Kesho yake saa nne asubuhi bibi alianza kumwita Eliwaza kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Walimkimbiza hospitali.

Kitundu alisimama nje ya wodi ya wanawake, nyuma ya pazia la mlango, mahali ambapo angeweza kusikia bila kuona. Ndivyo mkwe anavyopaswa, na wauguzi walilijua hilo wakampa kiti. Ndani alisikia sauti kavu ya Daktari Mtinangi ikimuuliza Eliwaza hili na lile. Daktari huyo alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyependa maneno mengi. Alimwekea bibi mpira wa mkojo, na katika mfuko ukashuka mkojo wa kujaza kijiko kimoja, mweusi kama chai ya rangi.

Majibu ya damu yalitoka baada ya dakika tano. Kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huiondoa, ilitakiwa kuwa chini ya mia moja. Ilikuwa mia nane na arobaini. Potasiamu ilikuwa sita nukta tatu, na ikipanda kidogo tu moyo husimama. Daktari aliyaingiza yote kwenye Mizani.

Mizani ni chombo cha ukutani kinachopima maneno ya mgonjwa, damu yake na kumbukumbu za choo chake, kisha kinaamua. Hospitali ilikuwa na mashine mbili tu za kusafisha damu kwa wilaya nzima, na funguo zake zilishikwa na Mizani ili asipewe mtu kwa kujuana. Mizani ikasoma siku kumi na moja za choo cha Kitundu, ikatoa jibu: Mkojo wa kutosha na safi hadi jana jioni. Upungufu wa maji, chini ya siku moja. Figo hazijaumia. Kipimo cha damu kirudiwe, huenda kina kasoro. Maji ya mshipa lita tatu. Mashine haihitajiki.

Daktari alirudia kipimo. Kikaja vilevile. Akatoka nje ya pazia, akasimama mbele ya Kitundu na karatasi mkononi.

Alimweleza kwa upole kwamba kuna mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Damu inasema figo zimelala siku nne au tano, na zile kope zinasema hivyohivyo. Choo kinasema mama alikojoa vizuri mpaka jana. Kama choo ni kweli, mama amekauka na maji yatamwamsha. Kama damu ni kweli, figo zimeshajeruhiwa, hazitoi tena, na kila tone la maji atakalopewa litabaki mwilini na kutafuta pa kukaa. Aliuliza pia jambo dogo lililomshangaza: Jumapili iliyopita asubuhi choo kilikuta alama za pombe. Je, bibi anakunywa?

Eliwaza alikuwa amesimama nyuma ya daktari. "Pombe?" alisema. "Mama yangu? Daktari, mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hajawahi hata kuonja togwa iliyochacha."

Akamtazama mumewe. Jumamosi ile Kitundu alikuwa kwenye mahari ya mpwa wake, na Eliwaza mwenyewe ndiye aliyemvua viatu.

Daktari akauliza, "Balozi, orodha hii ya choo ni sahihi?"

Kitundu alihisi masikio yanawaka moto. Jibu lilikuwa pale mdomoni. Lakini aliona nyumba zake kumi, akaona cheti ukutani, akaona zaidi ya yote lile kopo la kijani likitajwa mbele ya mama mkwe. Kwa kitu kama hicho mtu anatengwa. Mbuzi wa kulipia kosa hilo sijui kama angepatikana.

"Ni sahihi," alisema.

"Na pombe?"

"Wazee nao wana mambo yao," alisema Kitundu, na mara hiyohiyo akatamani ardhi immeze.

Eliwaza aligeuka akarudi kwa mama yake, na daktari akaenda kufungulia maji.

*

Lita ya kwanza iliingia kwa saa moja. Kitundu alikuwa bado kwenye kiti chake, anahesabu vigae vya sakafu, pale alipoanza kusikia pumzi. Mwanzo ilikuwa kikohozi. Kisha ikawa sauti ya majimaji, kila mvuto mfupi kuliko uliotangulia, kama mtu anayevuta uji kwa mrija. Alimsikia daktari akiagiza oksijeni na kumwinua mgonjwa akae. Alimsikia akiiuliza Mizani. Mizani ikajibu: Punguza kasi ya maji. Endelea.

Kitundu alijua mapafu yanavyojaa. Alifundishwa. Alijua pia kuwa angesubiri robo saa zaidi, basi asingelazimika kusema chochote, milele. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa na likakaa kama mgeni aliyekaribishwa. Lilimtisha kuliko yote aliyowahi kuyafikiria, na ndilo lililomwinua kitini.

Alimsimamisha daktari mlangoni, akamnong'oneza kwamba orodha si sahihi.

"Si sahihi vipi?"

Akasema atamweleza pembeni, ofisini. Daktari akatikisa kichwa. Alimkumbusha jambo ambalo Kitundu mwenyewe aliwafundisha watu wake wa nyumba kumi: kumbukumbu ya choo ikishaandikwa hafutiwi mtu kwa kunong'ona. Anayeikana atasema kwa sauti, mbele ya mgonjwa na ndugu yake, maana mwili ni wa mgonjwa, na Mizani itasikia. Vinginevyo mashine haifunguki.

"Dakika ninazo kumi," alisema Daktari Mtinangi. "Kama una neno, ingia."

Kitundu akaingia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa chumba kimoja na mama mkwe aliyelala. Aliinamisha macho mpaka kidevu kikagusa kifua, akaona miguu ya kitanda, kandambili za bibi zimepangwa vizuri, na ncha ya khanga ikipanda na kushuka kwa shida. Vitanda vingine sita vilikuwa na wagonjwa, na wote walinyamaza. Mwanamume hakuingia wodi ile bure.

"Mimi ni Kitundu Msengi, balozi wa nyumba kumi. Nilizima choo kisimsome mama tangu siku aliyofika. Mkojo ulioandikwa kwa jina lake haukuwa wake."

"Ulikuwa wa nani?" aliuliza daktari. Ilibidi aulize.

"Ulikuwa wangu. Nilikuwa namimina kwa kopo, asubuhi na jioni. Hiyo pombe ni yangu. Na vidonge vya magoti ni mimi niliyempa, na sikuuliza kitu."

Kwenye kitanda cha dirishani mtu alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo. Eliwaza alijifunika uso kwa viganja viwili. Mizani ikapima upya kwa muda ambao Kitundu aliuona mrefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu, kisha ikasema: Kumbukumbu za siku kumi na moja zimefutwa. Figo zimeshindwa kwa ghafla. Simamisha maji. Mashine ya pili iko wazi.

Watu wakaanza kukimbia. Maji yakafungwa. Bibi akachomwa sindano ya kalsiamu ya kuulinda moyo dhidi ya potasiamu. Daktari akampiga picha ya mawimbi ya sauti mgongoni: figo mbili, ukubwa wake sawa, hakuna jiwe wala kizibo, kwa hiyo si ugonjwa wa zamani, ni jeraha la juzi. Huku akifanya kazi alizungumza na muuguzi mwanafunzi, lakini kila neno lilimfikia Kitundu. Figo zinataka damu ifike kwa msukumo, alisema. Mtu akikosa maji msukumo unashuka, na figo inajitetea kwa kuupanua mlango wa kuingilia damu. Diklofenaki inaubana mlango huo. Dawa ya presha aliyokuwa akinywa inaulegeza ule wa kutokea. Moja moja mwili ungeyavumilia. Yakija yote matatu, na kuhara juu yake, figo inakosa damu na chembe zake zinakufa.

"Ila kwa nini alikosa maji kiasi hiki?" daktari aliuliza. "Kuhara siku mbili hakutoshi. Nyumbani hamna maji?"

Bibi Raeli alisogeza barakoa ya oksijeni. Alimvuta bintiye kwa kidole, akamnong'oneza sikioni. Eliwaza alisikiliza, akasimama wima, na alipozungumza alikuwa akizungumza na mumewe ingawa hakumtazama.

"Mama anauliza, kumbe choo kilikuwa hakisomi?"

"Hakikusoma hata siku moja," alisema Kitundu.

Eliwaza akainama tena, akainuka. "Anasema yeye alijua kinasoma. Alijua habari zake zinakwenda mkononi mwako. Anasema alikuwa hanywi maji, ili asiende chooni."

Kama Kitundu angekiacha choo kisome, angeona tangu siku ya tatu. Angemtumia neno moja tu kwamba amezima, bibi angekunywa maji yake kwa amani. Kila mmoja alimstahi mwenzake mpaka mmoja wao akaelekea kufa, na huyo si yeye. Akatoka nje, akakaa chini kwenye vigae, akalia bila kujificha.

*

Mashine ilimsafisha bibi damu kwa saa nne siku ile, na kila baada ya siku moja kwa wiki mbili. Maji ya kifuani yalipungua siku ya pili. Potasiamu ikashuka. Lakini figo zenyewe zilikaa kimya. Daktari alisema zinaweza kuamka, maana chembe zake huota upya, na zinaweza zisiamke, na hakuna Mizani inayolijua hilo.

Bangili ilivuliwa mkononi mwa Kitundu siku ya tatu, mbele ya mkaguzi wa kata, na ngozi chini yake ilikuwa nyeupe. Nyumba kumi zilikwenda kwa yule balozi mwenye mdomo, naye ajabu hakusema neno hata moja, jambo ambalo lilimuuma Kitundu zaidi. Cheti alikishusha mwenyewe. Eliwaza alilala hospitali, na alipomwona mumewe alimwambia mambo ya lazima tu: leta sabuni, leta khanga ile ya njano. Hakumwita tena Baba Ntandu, kwa jina la mtoto wao, kama zamani. Kitundu alileta sabuni, alileta khanga, na kila siku alikaa kwenye kiti kile nyuma ya pazia tangu saa mbili mpaka jioni. Wanawake waliopita kuingia wodini walimjua. Wengine waliziba midomo kwa pembe za khanga, na yeye aliona ni haki yao.

Siku ya kumi na tano, saa tano asubuhi, alisikia nyendo za haraka ndani, kisha kicheko cha muuguzi, kisha Eliwaza akilia kwa namna ambayo si ya msiba. Pazia halikufunguliwa. Sauti nyingine ilisikika, nzito, ya taratibu, sauti ambayo Kitundu aliifahamu kwa miaka kumi na saba kupitia kuta na milango tu.

"Mkwe. Ingia."

Alidhani amesikia vibaya. Muuguzi akachungulia na kumwambia anaitwa yeye.

Aliingia macho chini. Bibi Raeli alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa khanga ya njano. Mpira wa mkojo ulikuwa umeshatolewa, na muuguzi alikuwa na kikombe cha kupimia chenye mistari pembeni. Bibi alimwelekeza muuguzi kwa kidevu, naye akamkabidhi Kitundu kikombe. Daktari Mtinangi alikuwepo, kalamu mkononi, maana daftari jipya la mgonjwa lilikuwa bado tupu na linahitaji shahidi wa nyumbani.

"Soma," alisema bibi.

Kitundu alikiinua kikombe usawa wa macho, kama alivyofundishwa. Akasubiri mkojo utulie. "Mililita mia moja na themanini," alisema.

"Kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

Akarudia kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Daktari akaandika. Kisha bibi akauliza, bila kucheka hata kidogo:

"Na una hakika ni wangu?"

Kitanda cha dirishani kikaangua kicheko. Kikafuata cha pili, na cha tatu, mpaka muuguzi akageukia ukuta mabega yakimtikisika, na Eliwaza, aliyekuwa hajacheka kwa wiki mbili, akacheka huku akijifuta machozi. Kitundu hakucheka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ileile, haikuwa imepungua hata chembe, na alielewa kwamba hii ndiyo itakayosimuliwa kila harusi na kila msiba wa ukoo, hata akiwa kaburini. Alielewa pia kwamba bibi ameamua isimuliwe hivi, kwa kicheko, ilhali angeweza kuamua vingine.

Kikombe kilikuwa na joto mkononi. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama aliyemzalia mke. Alikuwa na alama ndogo ya kuzaliwa juu ya nyusi, kama ya Eliwaza. Hakuwahi kuijua.

"Ni wako, mama," alisema.

Bibi aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono kuelekea kwenye jagi lililokuwa mezani, akaomba maji ya kunywa.